Vidole na Dawa ya Kuvu

Tulimwita Vidole, na jina hilo halikuwa la mzaha. Mteja alikuwa akiingia saluni na kichwa kama kichaka, anakaa kwenye kiti chake, na akiinuka ana mistari myembamba mpaka macho yanakuuma kuifuata. Kiti changu kilikuwa kando ya chake, kioo kimoja kirefu mbele yetu sote wawili. Mimi ndiye niliyetangulia kazini pale, mimi ndiye niliyemwonyesha kabati la mafuta na mahali pa kutundika taulo, lakini haukupita muda benchi lote likawa linamngoja yeye, na mimi nimekaa mikono mitupu najipaka rangi ya kucha kwa hasira. Nilimwonea kijicho, nisidanganye. Tatizo lake ni kwamba alikuwa hachukiki. Unamnunia, yeye anakuletea chai.

Kisha figo zake zikafa, zote mbili, na hakuna aliyejua sababu. Miguu ikavimba, viatu havimwingii. Akawa mtu wa kwenda hospitali kulala kando ya mashine ya kuchuja damu, anarudi kesho yake uso umepauka, anasuka huku ameegemea kiti cha mteja asianguke. Binti yake, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kusoma, akitoka shule anakuja kukaa chini ya kaunta yetu na madaftari yake. Baba wa mtoto alishayeyuka zamani, na hakuna aliyepoteza nauli kumtafuta.

Walizaliwa wanne. Kaka zake wawili walikwenda kupimwa kwa mbwembwe, wakipiga vifua kwamba dada yao hafi wakiwa hai. Mmoja figo lake halikufaa. La mwenzake lilifaa, na tangu siku alipoambiwa hivyo simu yake haikupatikana. Akabaki mdogo mtu, mdogo wake wa kike, yule mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu. Huyo hakupiga kifua. Alipimwa, akafunga duka, akaenda kukatwa. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele ya safari nitamsema vibaya, na haki yake ni haki yake. Nilimwona siku ile akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, meno yanagongana kwa woga, na hakurudi nyuma.

Nilikwenda kuwaona walipokuwa wanapona, vitanda vyao jirani. Daktari wao alikuwa kijana, mpenda maneno, ameshika pakiti ya vidonge vinene vyenye mafuta ndani.

"Hivi ndivyo vitakavyokuweka hai," akamwambia Vidole. "Figo ulilopewa mwili wako haulijui. Unaliona mwizi aliyeingia ndani. Una walinzi kwenye damu, wakilipata watalivamia walimalize. Dawa hii inawatuliza walinzi. Asubuhi na jioni, maisha yako yote, bila kuruka."

"Inatengenezwa na nini?" Vidole akauliza.

Daktari akafurahi kuulizwa. Akasema imetoka kwenye kuvu. Kuvu tu, jamaa ya ule ukungu unaoota kwenye mkate, ila hii makazi yake ni udongoni. Watu walichota udongo katika nchi moja ya baridi, wakaupeleka maabara, wakakuta humo kuvu nyeupe kama pamba inayotoa kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikijua. Siku hizi inafugwa kwenye matangi makubwa, inalishwa, na kile inachokitoa ndicho kinachochujwa na kuwa dawa.

"Kumbe ningelamba tu udongo wa shambani," Vidole akasema, tukacheka.

"Na huko udongoni, yenyewe inaishi vipi?" mdogo mtu akauliza kutoka kitandani kwake.

"Huko ni katili," daktari akasema. "Kuvu hii humwingia buu wa mbawakawa ardhini, ikaota ndani yake angali hai. Wengine wanadhani kitu hiki hiki ndicho kinachomlegeza buu asiweze kupambana. Mwishoni buu anabaki ngozi tu, ndani yote ni kuvu."

Mdogo mtu alicheka mpaka akashika kidonda chake. Sikukipenda kile kicheko, lakini mgonjwa akicheka unashukuru Mungu unanyamaza.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Vidole alitupigia simu saluni kututangazia kwamba amekojoa. Bosi wetu, mwanamke asiyecheka hata akitekenywa, aliwaambia wateja wote, na wateja wakapiga makofi. Akarudi kazini amenenepa mashavu, anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na binti yake alikuwa akimshika mkono njia nzima kwenda na kurudi shule.

Kisha dawa ikaanza kumfanyia vituko. Nywele zikamwota juu ya mdomo. Zikateremka mashavuni, zikapanda kwenye paji la uso, nyeusi, laini, kila siku zaidi. Akinyoa asubuhi, kabla siku haijaisha zimechungulia. Fizi zikavimba zikayafunika meno nusu. Na mikono, ile mikono, ikaanza kutetemeka. Si sana, ungempa kikombe asingemwaga. Lakini mistari myembamba haisukwi na mkono unaotetemeka. Akirudi kliniki wanamwambia ni dawa, wamempunguzia wameshindwa kupunguza zaidi, na akiiacha figo litakufa.

Fikiria msusi mwenye ndevu. Wateja wana roho mbaya, na nawajua kwa sababu naishi kwa vichwa vyao. Hawakusema kitu mbele yake. Walihamia kwenye kiti changu mmoja mmoja, wakisingizia haraka. Nami nilifurahi, tena nilifurahi haswa, mpaka siku nilipomwona kwenye kioo amesimama nyuma ya kiti chake kitupu, kitana mkononi, anatabasamu na mdomo umefungwa ili fizi zisionekane. Nikaona aibu. Baadaye bosi akampa kazi ya kuosha vichwa na kufagia nywele, na akakishukuru kibarua hicho.

Mdogo mtu alikuwa anakuja mara mbili kwa siku, asubuhi tukifungua na jioni kabla hatujafunga. Anavuka barabara na futi ya kupimia kitambaa imening'inia shingoni.

"Meza nikuone," anasema. Vidole anameza. "Panua mdomo. Inua ulimi. Haya. Figo langu lisije likafa kwa uzembe wako."

Hiyo ilianza kama utani. Dada na mdogo wake, nani atawaingilia? Ikawa "figo langu halinywi soda," na Vidole anaweka soda chini. Ikawa "figo langu halikai kwenye jua," na Vidole anahama. Mteja mgeni akiingia, mdogo mtu anamnyooshea dada yake kidole: "Huyu unayemwona anakojoa kwa figo langu." Mteja anacheka. Vidole naye anacheka, mkono mdomoni. Siku moja akamwita Kuvu. Jina likamnogea ulimini, akaliacha hilo la Vidole kabisa. Kuvu, njoo unywe. Kuvu, nyoa ndevu, unatisha watoto. Kuvu, pita dukani unipigie deki, mgongo unaniuma tangu nikukatie nyama yangu.

Binti yake alisikia hayo kutoka chini ya kaunta, akatoka.

"Mama mdogo, usimwite mama hivyo."

Mdogo mtu akachuchumaa wakawa uso kwa uso, akamtengenezea kola ya shati kwa upole. "Bila mimi, mama yako angekuwa chini ya udongo na wale mabuu," akamwambia. "Unataka nimwite nani?"

Mtoto aliangalia mama yake. Mama yake alikuwa anafagia.

Nilimwambia Vidole siku hiyo hiyo, mtie adabu mdogo wako, amekukalia kooni. Akaniambia, "Alinipa, dada. Wewe ungenipa?" Nisingempa.

Sasa sikia hili. Mdogo mtu aliwahi kuolewa, akaachika, mtoto hakupata. Hakuwa mtu wa kulia hadharani, lakini dukani kwake mezani palikuwa na picha ya yule binti, na si ya mtu mwingine. Jioni moja, baada ya ulimi kuinuliwa na kukaguliwa, hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha mteja, akajizungusha kidogo, akaongea akiangalia kioo.

"Shule zikifungwa namchukua mtoto. Atakaa kwangu. Ataniita mama."

"Atakuja kukutembelea," Vidole akasema.

"Sijasema kutembelea. Nimekupa kilichokuwa ndani ya mwili wangu. Nipe kilichotoka ndani ya wako."

"Mtoto si kitambaa nikukatie."

"Na figo je, lilikuwa kitambaa?"

Vidole aliendelea kukunja taulo. Alikunja ile ile mara kadhaa. Mimi nilitaka kumrushia mtu chupa ya shampuu, nikajizuia kwa sababu bosi alikuwa mlangoni.

Wakaitana kwenye kikao cha ndugu. Nilikwenda kama rafiki, nikakaa pembeni karibu na mlango. Na nani aliyezungumza kuliko wote? Kaka yao, yule ambaye simu yake haikupatikana. Alikaa kifua mbele, akakohoa, akatuhutubia kuhusu kujitolea. "Mdogo wetu amefanya jambo kubwa," akasema, "na mtoto hatoki nje ya ukoo. Anahama nyumba tu." Wakaafikiana wote. Mimi nikauliza, nikiwa mgeni wa watu, yeye kaka figo lake liko wapi. Nikaombwa nitoke nje, nikatoka, na huko nje niliwasikia wakimwuliza Vidole kama ana la kusema. Alisema sawa, shule zikifungwa.

Njiani nilimchamba mpaka sauti ikakauka. Utamtoaje mtoto wako kama mtu anayegawa nguo za mitumba? Alishika tumbo lake chini kwa upande, mahali lilipowekwa lile figo, akatembea hivyo mpaka kwake.

Baada ya hapo Vidole akaanza kupendeza. Sina neno jingine. Uso ulianza kusafika, nywele zikanyonyoka, ngozi ikarudi ile tuliyokuwa tunaijua. Fizi zikapungua. Asubuhi moja bosi alikuwa na mteja mwenye haraka ya harusi na mimi nimebanwa, Vidole akaosha mikono, akasema, "Nipe mimi." Tukamwachia kwa huruma. Mikono haikutetemeka. Alisuka kichwa kile mstari kwa mstari, mwembamba kama zamani, na alipomaliza yule mteja alijigeuza mbele ya kioo akamkumbatia. Tulimwambia amepona. Tulimwambia dawa sasa imemzoea. Hata mdogo mtu alijisifu, akisema hizo ni juhudi zake za kumsimamia, na ukaguzi wake ukalegea. Anachungulia mdomoni nusu, mawazo yapo kwenye kitanda kipya alichomnunulia mtoto.

Jioni, wateja wakiisha, Vidole alikuwa anamketisha binti yake kwenye kiti chake, anamsuka polepole bila sababu, anamfumua, anamsuka tena. Mtoto analalamika kichwa kinauma. Anamwambia vumilia kidogo, na hamwachi.

Sasa, sisi nywele za bandia zinazoanguka hatuzitupi zote. Vipande virefu unaviokota, unavifua, unavitumia kujazia kichwa cha mteja asiye na uwezo. Kufagia ilikuwa kazi ya Vidole na gunia alilifunga mwenyewe, lakini siku moja miguu ilimvimba akaondoka mapema. Nikalimwaga gunia nichambue. Kati ya nywele nikashika kitu chenye utelezi. Kidonge. Kingine. Vingine vimepasuka, mafuta yameganda kwenye nywele, harufu yake ile ninayoijua. Nilichambua nikavirundika sakafuni mbele yangu.

Nilikwenda kwake bila kuvua aproni. Alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji. Mtoto alikuwa anacheza uani.

"Una wazimu?" nikamwuliza. "Unatema dawa?"

Hakukana. "Fizi zilipokuwa zimevimba kidonge kilijificha vizuri," akasema. "Sasa nakiweka shavuni."

"Figo litakufa, mwenda wazimu wewe."

"Ndiyo," akasema. "Namrudishia."

Na akanieleza, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza safari aliyoipanga. Figo likifa, watampasua walitoe. Atarudi kwenye mashine kama zamani, mashine haikumwua. Halafu atamwita mdogo wake na ndugu wote, awaambie, figo la watu limetoka, sina cha mtu ndani yangu, mtoto wangu simpi mtu. Alikuwa amefikiria mpaka kitambaa cha kulifungia.

"Na wasipokupa?" nikasema, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa. "Hospitali hawagawi nyama."

"Nitawaomba," akasema.

Nilimvuta mkono nikampeleka hospitali jioni ile ile, miguu mibichi hivyo hivyo, mtoto tukampitisha dukani kwa mama mdogo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Vidole alinikatalia mlangoni kwa mdogo wake. Alimshika mtoto begani akasema abaki na jirani, abaki na bosi, abaki na yeyote. Nilimwambia hakuna wakati. Mdogo mtu akampokea mtoto, akaniuliza kuna nini, na mimi, hasira zimenijaa mpaka puani, nikamwambia.

Walijaribu. Walimtundikia maji, wakamchoma sindano kali, wakapima damu asubuhi na jioni. Walinzi wake walikuwa wameshaamka zamani, na kazi yao walikuwa wameimaliza. Yule yule daktari mpenda maneno alikuja kutuambia, na safari hii maneno yalikuwa machache. Figo limekufa. Mashine inaanza kesho.

Vidole alikuwa mweupe midomo, lakini nikaona uso wake unafunguka. Mdogo mtu alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, na futi yake shingoni, ametoka dukani moja kwa moja. Kaka naye alikuwepo, kifua mbele.

"Mtalitoa lini?" Vidole akauliza.

Daktari akafikiri anaogopa kupasuliwa, akamtuliza. "Usihofu. Hatulitoi."

"Mlitoe," Vidole akasema.

"Figo la kupandikizwa likifa, mara nyingi tunaliacha pale pale lilipo. Kulitoa ni hatari bure. Hata zako za zamani hatukuzitoa, bado zimo. Lisipokuletea homa wala maumivu, linakauka polepole, unaishi nalo. Na dawa ya kuvu utaendelea nayo kwa muda, kidogo kidogo, mwili usije ukapigana nalo ukakuumiza."

Vidole alimtazama kama hakusikia vizuri. Kisha akaanza kujifunua shuka, anatafuta kovu kwa mikono yake miwili. "Nikate," akasema. "Nakuomba. Nitasaini. Nikate ulitoe." Alisema hivyo mara nyingi, sauti ile ile ya chini, na muuguzi akaja kumshika mikono. Nililia. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Mdogo mtu alizunguka kitanda. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akamfunika dada yake shuka vizuri, akaweka kiganja chake pale chini kwa upande, juu ya kovu, na akakiacha hapo.

"Lilikuwa zima nilipokupa," akasema. "Kumbe bado limo."

Vidole akageuza uso ukutani.

"Siku za mashine nani atampeleka mtoto shule?" mdogo mtu akauliza. Alingoja jibu kwa haki kabisa, akamtazama kaka, akanitazama na mimi. Mimi nina watoto wangu kwenye chumba kimoja. Kaka alikuwa anasoma tangazo ukutani. Mdogo mtu akaondoa mkono wake, akachukua mkoba wake.

Nilimfuata nje. Binti alikuwa kwenye benchi la korido, begi la shule mapajani, nywele zake bado zimesukwa mistari ile ya mama yake, myembamba, haina hata mmoja uliopinda. Aliposikia mlango akasimama.

"Mama amesemaje?"

Mdogo mtu akampokea begi, akamshika mkono.

"Amesema twende nyumbani."